Jumba la Kupangisha Upepo

Ukitoka tu kituo cha Tottenham Court Road, hapa London, kinachokupokea ni Centre Point: mita 117 za zege, kazi ya Richard Seifert na wenzake, iliyokamilika mwaka 1966. Kwa mbali ni trei ya mayai iliyosimamishwa wima. Wapo wanaoliona zuri. Haya, sura ya mtu haigombewi. Ugomvi wangu ni juu ya wapangaji.

Mimi kwa mwenye nyumba wangu, huko mashariki ya jiji, kodi ikichelewa siku mbili simu inalia mpaka betri inakata roho. Na chumba chenyewe ni cha kuomba radhi: huwezi kufungua kabati mpaka kwanza ufunge mlango, na pasi naipigia kitandani. Sasa msikie Harry Hyams, aliyelijenga jumba lile. Alitaka mpangaji mmoja tu, achukue ghorofa zote. Asipopatikana? Likae! Likakaa tupu miaka nenda, miaka rudi, likipangisha upepo, na huku bei za ofisi zikipanda na thamani yake ikipanda nazo. Yeye akisubiri anatajirika. Mimi nikisubiri naongezewa kodi.

Mwaka 1969 kasisi Kenneth Leech akafungua pale jirani, Soho, mahali pa kulaza vijana wasio na makazi. Hifadhi ikaitwa Centrepoint. Kijembe hicho, kwetu pwani kingeandikwa kwenye kanga. Januari 1974 wanaharakati wa makazi wakajipenyeza ndani, wakalikalia jumba mwisho wa juma, kisha wakatoka. Wakatoka! Mimi ningeingia na jiko na godoro, wanitafute Pasaka.

Mwaka 1995 likaingizwa katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, halibomolewi ovyo. Baadaye nikasikia linageuzwa fleti, roho ikanidunda kwa furaha. Ya kileleni ikatangazwa kwa pauni milioni 55. Na hata matajiri nao walibishana bei: mwaka 2018 wauzaji waliona wanatajiwa fedha za dharau, wakaziondoa sokoni fleti zilizokuwa hazijauzwa. Utupu ukarudi kwao.

Juzi mwenye nyumba kanitumia ujumbe kwamba kodi inapanda tena mwezi ujao. Eti siku hizi London vyumba vimeadimika.