Ilani Ifungwe Shingoni mwa Fahali

Kwa Benki yetu mpendwa, na Bwana Dalali wake,

Salamu kutoka Kitengela. Hongereni kwa mnada uliofana wa ploti ya jirani yetu. Habari zake tulizipata kwa buldoza.

Hatuna neno na sheria. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mdaiwa siku 90, kisha 40, na kanuni za madalali zinaongeza 45. Kifungu cha 96 kinataka mwenzi wa ndoa, mpangaji na mdhamini wapewe ilani. Jirani hayumo, ila ilani hiyo hiyo yafaa ibandikwe mahali pa wazi karibu na ardhi yenyewe. Bila shaka mliibandika. Upepo wa huku ni mwizi.

Kwa hiyo tunaomba ilani ifungwe shingoni mwa fahali. Tangazo lenu la gazetini hatulioni, lakini ng'ombe wa kutoka upande wa Isinya hupita kila ploti isiyo na ua, wakisimama palipo na nyasi ndefu, yaani palipo na mdaiwa. Ubavu wa kushoto uandikwe nambari ya hati miliki, wa kulia amana na siku ya mnada. Kengele iwe kubwa. Mahakama ikisimamisha mnada, ndama afuate nyuma na masahihisho. Mchungaji alipwe kamisheni ya dalali, na fahali asichinjwe kabla ya zile siku 45 kwisha.

Pia, mnada usifanyiwe hotelini Nairobi. Na mnunuzi wa kwenye simu aje aone matope.

Kisha, kabla nyundo haijagonga, mtuulize: jirani, bei hii unaifikia? Bei ile ile ya juu, si ya chee. Kifungu cha 97, kinachodai bei bora, hakitakwaruzwa. Wanazuoni wa Kihanafi walimpa jirani haki hiyo, shufaa, karne nyingi kabla ya benki yenu kuzaliwa.

Wezi wa mabati kwenye ploti hiyo mliyoinadi tuliwafukuza sisi. Mazishi ya mwenye boma tulichanga sisi, nyinyi mkihesabu riba. Leo mtu tusiyemjua hata jina ameziba njia ya kisima kwa ukuta wa mawe, na kwenye faili lenu sisi ni wapita njia! Wapita njia, na njia yenyewe mmeiuza!

Samahani. Turudi kwenye adabu.

Wenu mtiifu,
Mwenye ploti ya upande wa mashariki

N.B. Marejesho yangu ya mwezi huu yamechelewa. Fahali aanze kwa jirani yangu wa chini; ana akiba kidogo.