Kitu Kikubwa

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Tanga, ufunguo wa pikipiki ya mjomba wa watoto ulitoweka mezani. Nje alisubiri mama muuza samaki, abiria wake wa kila siku, aliyetaka kuwahi mnada wa samaki wa Deep Sea. Shahidi alikuwa mmoja tu: binti yangu wa miaka minne, aliyesema bila woga kwamba yeye ndiye aliyeuficha.

"Umeuficha wapi, mama?"

"Kwenye kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu kikubwa."

Basi tukavamia kila kikubwa. Pipa la maji likainamishwa, sufuria ya shughuli ikateremshwa kabatini, gunia la mkaa likamwagwa uani hadi miguu ya mjomba ikawa myeusi tii. Kaka wa binti yangu, wa darasa la pili, akaingia uvunguni mwa kitanda, akatoka na kandambili iliyopotea tangu Ramadhani. Ufunguo hakuna. Mjomba akapandisha sauti, mtoto akaangua kilio, na kila alipoulizwa alijibu lilelile: kikubwa.

Hakuwa na ukaidi. Alijua vizuri alikouweka. Maneno ndiyo yaliyomwishia. Majumbani tunawalea watoto kwa "lete kile" na "weka pale", kidole kikifanya kazi ya ulimi. Atapata wapi neno la kusema kwamba uji umepoa au kiatu kinambana? Jambo hili linaniuma hasa mtoto anapougua. Asiyeweza kusema kama tumbo linachoma au linakata hubaki kulia tu, na mzazi hubaki kubahatisha.

Bibi yao, aliyekuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, ndiye aliyeusimamisha msako.

"Njoo hapa, mke mwenzangu."

"Abee, bibi."

Akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. Hakuuliza tena wapi. Alimshikisha kifuu. "Hiki kigumu. Kitu chako kigumu hivi, au laini?"

Mtoto akakibonyeza, akafikiri. "Laini."

Bibi akamtilia nazi iliyokunwa kiganjani. "Kinachambuka hivi, au kinanata?"

"Kinanata!"

"Cha baridi au cha moto?"

Hapo akakwama, maana hakikuwa hiki wala kile. Bibi akampa neno: vuguvugu. Akalirudia mara kadhaa, limemkolea mdomoni.

"Na rangi yake?"

"Ya maziwa."

Niligeuka kuangalia beseni lililokuwa kando ya jiko la mkaa, limefunikwa sinia. Ndani mlikuwa na unga wa maandazi niliokanda alfajiri kwa hamira, iliki na tui la nazi. Nikafunua. Donge lilikuwa limeumuka hadi kuligusa sinia. Kikubwa kweli, mtoto alisema kweli tangu mwanzo. Mjomba alizamisha mkono, akautoa ufunguo umeganda unga hadi kwenye meno. Ukasuguliwa kwa mswaki mkuukuu, pikipiki ikawaka. Tulikata pale ulipolala ufunguo, donge lililobaki likaenda kwenye mafuta.

Tangu hapo nawafundisha watoto kwa njia ya bibi: kitu kwanza kiwe mkononi, na sifa zije mbili mbili mtoto achague. Upatanisho wa ngeli siuharakishi. Kiswahili kinamdai mtoto aseme mtu mkubwa, kiti kikubwa, nyumba kubwa, ilhali laini, safi na rahisi hayabadiliki popote, lazima ajikwae. Akisema "fimbo kirefu" namjibu, "Ndiyo, fimbo ndefu sana," tunaendelea. Kumkosoa mbele ya watu ni kumfunga mdomo. Rangi nazo zina njia yake: ukiacha nyeupe, nyeusi na nyekundu, nyingi tunazitaja kwa vitu, majani, chungwa, udongo. Kwa hiyo "ya maziwa" ya binti yangu ilikuwa Kiswahili safi.

Siku hizi mjomba akirudi jioni huja na kitu ndani ya mfuko wa kitambaa, na watoto hukipapasa bila kuchungulia na kukieleza kabla ya kukitaja. Juzi kilikuwa kirefu, kimepinda, ganda lake jepesi linavunjika, ndani kinanata. Ukwaju! Waliupasua na kuulamba hadi wakakunja nyuso, kisha ukazuka ubishi juu ya mbegu: kaka anasema ni nyeusi, binti anashikilia kwamba ni ya kahawa.