Namna ya Kushusha Krosmemba Bila Kuteremka Nayo

Unataka kubadili reki ya usukani ya IST yako, na fundi amesema krosmemba ya mbele lazima ishuke. Sawa. Ila ujue chuma hicho kimebeba mikono ya chini ya tairi, reki yenyewe na mauntingi ya nyuma ya injini. Ukikifungua kama kifuniko cha sufuria, vyote vitakufuata.

Gari likae juu ya stendi. Jeki si stendi: sili zake zikichoka hushuka bila kubisha hodi, na wewe umelala chini. Fundi akileta tofali, mrudishie. Injini nayo itundikwe kutoka juu kwa mnyororo na bomba nene la chuma.

Kata betri, tairi zitazame mbele, usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti. Shafti ya usukani ikishatenganishwa na reki, mtoto wa jirani akaja kuendesha gari la kuwazia, waya uliojiviringisha nyuma ya usukani utakatika. Utapoteza honi, na eabegi ya dereva pia.

Kabla ya kulegeza chochote, zungushia rangi kila mahali krosmemba inapogusa bodi. Matundu yake ni mapana kuliko bolti. Ikirudi pembeni kidogo tu, usukani utatazama Kimara na gari litataka Mbagala.

Kuirudisha ndiko kwenye kazi. Iinueni mkiwa watu wawili, kwa jeki yenye ubao juu, na bolti zote zishike kwa vidole kabla hata moja haijakazwa. Inayogoma itoe, safisha nyuzi, anza upya. Ukiilazimisha kwa mashine inakula nyuzi za nati iliyochomelewa ndani ya bodi, ambako mkono haufiki. Halafu tumia spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. "Nimekaza mpaka basi" si kipimo, hata kikitamkwa na fundi mwenye mvi.

Bushi za mikono zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa tairi zikining'inia, mpira hujisokota gari linaposhuka, na hupasuka mapema.

Wili alaimenti ifanyike siku hiyohiyo. Na ukikabidhiwa funguo, muulize fundi: bolti umezikaza kwa toki gani, na bushi ulizikaza tairi zikiwa wapi? Akikosa jibu, usiondoke na gari hilo.