Mgeni wa Bustani

Bwana mkubwa wa Kiriri, mtaa wa Bujumbura, kaona mmea umejiotea kando ya mawaridi yake: shina lina wekundu, majani mapana, mbegu nyeusi zinang'aa. Kaupiga picha, kawatumia wajuzi wa Brussels, kisha kamwamuru mtunza bustani asiuguse, huenda ni sumu. Mtunza bustani, mtu wa mtaa wa Buyenzi, kanyamaza, hakuulizwa. Jioni mke wa bwana karudi kutoka sokoni na mafungu mawili ya lengalenga, mchicha uleule wa bustanini, kwa pesa taslimu. Mche mmoja tu humwaga mbegu kwa maelfu, wala haudai mbolea. Enyi wenye bustani, kabla ya kuuliza Ulaya, mwulizeni anayewamwagilia maua. Na mmea ukitoweka msiite polisi: wanaoujua wameshausongea ugali.