Sifa za Ukurasa Uliohama

Katika kero zote za kazi ya seva, hakuna iliyodhulumiwa heshima yake kama kuhamishwa kwa nyaraka za watumiaji. Mfano wake mtukufu ni OpenStack, mfumo wa kuendesha kompyuta za wingu ulioasisiwa mwaka 2010 na kampuni ya Rackspace pamoja na NASA ya Marekani. Hadi mwaka 2017 miongozo yake mikuu ilikaa ghala moja, mikononi mwa kikundi kimoja cha waandishi. Kikundi kilipopungua watu, ghala likagawanywa kama mirathi kwa miradi inayounda OpenStack: Nova ikapewa kurasa za seva, Neutron za mtandao, Keystone za utambulisho, na Heat, inayozipanga zote zifanye kazi pamoja kwa kufuata violezo, ikabeba zake.

Kila mrithi alipewa makabati ya aina moja: usakinishaji, usanidi, usimamizi, matumizi. Mpangilio huo unapendeza. Mgeni akishalijua jiko la nyumba moja, amejua la mtaa mzima. Asichojua ni chumvi iko kwa nani. Hapo ndipo fadhila zinapoanza. Aliyetoka kutafuta mstari mmoja wa kiolezo cha Heat hurudi jioni akiwa mjuzi wa Keystone, elimu ambayo hakuiomba wala hakuilipia. Wahenga walionya kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, tena zima, ila limehamia kwa jirani. Na mfanyakazi aliyekaa miezi bila kusemezana na mwenzake hulazimika kuinuka na kuuliza, akajibiwa kwa upole, “Mbona ulikuwa pale pale?”

Uhamisho huleta ajira pia. Kanuni za kumtoa msomaji anwani ya zamani na kumpeleka mpya zilikuwa nyingi kiasi cha kuundiwa programu yake ya kuzipima, whereto, jina ambalo kwa Kiswahili ni swali la kondakta: wapi?

Ukurasa usiohama ndio wa kuogopwa. Matoleo ya OpenStack hutoka kila baada ya miezi sita hivi, na mwaka 2017 jina la toleo liliandikwa ndani ya anwani. Aliyehifadhi ukurasa wa toleo la Pike Agosti 2017 alipata nusu mwaka wa utulivu. Februari 2018 likaja toleo la Queens, naye akahamia huko. Ukurasa wake ukabaki palepale, ukifunguka bila tatizo, sahihi neno kwa neno kwa mfumo ambao hakuwa nao tena.