Baraza la Tandala na Wabebaji Wawili

Mwaka ule viazi vilikubali sana kwenye milima ya Tandala, Makete, vikaanza kuozea shambani. Mbebaji wa wanyama wa huko, Nyati, alikuwa amelala katikati ya mlima, akiapa kwamba hainuki mpaka ashibe. Nyati hali majani. Chakula chake ni mafuta yanayovuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye malori na kupandishwa kupitia Makambako. Bei yake hutangazwa upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka 2022 ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, wanyama wa Makete waliona wazi kwamba gunia likishuka sokoni Nyati anakula kwanza, mwenye shamba anafuata, tena kwa makombo.

Mzee Tandala, mwenye pembe zilizojisokota, akaita baraza. Ukungu ulikuwa haujainuka. Wageni wawili waliokuja kuomba kazi ya Nyati walikwishafika, na kila mmoja alikuwa amekuja na wapambe wake.

Ngiri alitangulia. "Kamwene, wazee wangu," alisema, akaweka chini kifuko cha mbegu za mbono. "Mimi sili cha ng'ambo. Nala kinachoota hapahapa nchini: mbono, miwa, mawese. Nipeni pori lisilo na kazi, nami nitalima, nitakula, nitabeba. Fedha yenu itabaki nyumbani."

Wapambe wake wakashangilia. Fuko, ambaye macho yake ni madogo lakini ardhi anaijua kwa kuigusa, akatoa kichwa shimoni.

"Mwanangu, hilo pori lisilo na kazi liko wapi? Nimeichimba milima hii tangu utoto. Kila nilipopita nimekuta mzizi wa dawa, mzinga wa mtu, malisho, au kaburi."

Ngiri akacheka, akasema hayo ni mambo ya wazee. Ndipo Korongo, msafiri wa baraza, alipoomba nafasi.

"Mzee Tandala, haya nimeyaona. Mwaka 2009 nilipita Kisarawe. Ndugu zake huyu walikuja na kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza, wakapewa zaidi ya hekta 8,000 katika ardhi ya vijiji 11, kwa mkataba wa miaka 99. Waliahidi ajira, visima, zahanati. Mibono ikapandwa. Mwaka 2011 nikarudi: kampuni imeshaanguka, vibarua wamerudishwa makwao, na ardhi haikurudi kwa wenyewe, kwa sababu karatasi ilishabadilisha jina. Kilwa nako, kampuni ya BioShape ya Uholanzi ilipata eneo kubwa kuliko hilo, nayo ikafilisika kabla mbono haujaendesha gari lolote la maana."

Baraza lilinyamaza. Mbono si mti mbaya. Bibi zetu waliupanda uwe ua wa boma na alama ya kaburi, na mafuta yake hutengeneza sabuni. Ubaya uliingia pale mti wa uani ulipotakiwa ulishe magari ya dunia nzima, ikasemwa kwamba utazaa vizuri kwenye ardhi kavu. Mti ukinyimwa maji na mbolea huenda ukaishi, lakini haujazi gunia. Mkulima wa Makete hahitaji mtaalamu wa kumweleza hilo, na inaniuma kwamba mkulima wa Kisarawe hakuulizwa.

Pundamilia akasogea mbele. Hakuwa na makelele wala moshi. "Mimi nakunywa tu," alisema. "Nikikaa mtoni usiku kucha, kesho nabeba. Mlima nikiupanda nachoka, lakini nikiteremka miguu yangu hunirudishia sehemu ya nguvu niliyoitumia. Nchi ya milima kama yenu ndiyo yangu. Mto wenu wa Ijangala umekwishafundishwa kuwasha taa. Maji ya Kitulo yanashuka Ruaha Mkuu mpaka Rufiji, na pale Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa mitambo tisa, megawati 2,115. Maji ni yenu. Kwa nini mfungwe na chakula cha meli?"

Wanyama wadogo walianza kumshangilia. Mzee Tandala akainua kwato. "Fuko, muulize na huyu. Tusimhoji Ngiri peke yake kwa sababu tu anachimba."

Fuko akamsogelea Pundamilia, akamgusa tumbo. "Hili tumbo linalohifadhi nguvu limetengenezwa na nini?"

Pundamilia akakawia. "Lina madini. Mengine ni kobalti."

"Kutoka Kolwezi," alisema Fuko. "Huko Kongo nina ndugu wanaochimba kwa mikono, wengine watoto, kwenye mashimo yanayoporomoka. Nilitaka uitaje wewe mwenyewe. Na mto ukikauka? Mwishoni mwa 2022 mvua zilichelewa, tukakaa gizani kwa mgawo."

"Mto ukikauka, nasimama," alijibu Pundamilia.

Jibu hilo lilinifanya nimwamini kuliko ahadi zake zote, na nadhani Mzee Tandala alisikia hivyohivyo.

Walibishana mpaka ukungu ukainuka. Kima alitaka Ngiri afukuzwe. Fuko ndiye aliyemtetea, jambo ambalo halikutarajiwa. "Pale Njombe, kwenye kampuni ya miwati ya TANWAT, kuna tanuri linalokula mabaki ya miwati na miti mingine na kutoa kiasi cha megawati mbili na nusu za umeme. Kilombero wanachoma makapi ya miwa kiwandani. Ngiri akila masalia hamnyang'anyi mtu shamba. Tena umeme wake utamsaidia Pundamilia siku ambazo mto umepungua. Viwanda vyetu vya mbao vimejaa maranda. Aende huko."

Mzee Tandala akasimama kutoa uamuzi. Pundamilia apewe kazi, aanze na safari fupi: wagonjwa wa kupeleka hospitali, abiria wa sokoni, magunia machache. Ila kabla hajanywa, milingoti yote iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji ing'olewe, na miti ya asili irudishwe. Atakapozeeka, tumbo lake lirudishwe kwa aliyemleta, lisitupwe bondeni. Nyati aendelee na mizigo mizito ya Makambako mpaka Pundamilia aoneshe kwamba anapita kwenye tope la masika akiwa na shehena kamili. Ngiri apewe maranda na makapi, bila hata ekari moja.

"Bila ekari?" Ngiri aliuliza. "Wenzangu walionituma wanataka ardhi. Maranda hayana hati."

"Ndiyo sababu tunakupa maranda," alisema Mzee Tandala.

Ngiri akaokota kifuko chake, akaaga kwa adabu, akashika njia ya kuelekea nchi ya tambarare. Mzee Tandala akamwita Korongo kando. "Mwanangu, wewe una mabawa. Mtangulie. Kila kijiji utakachokikuta kabla yake, waambie wenyeji wakusanyike wasikilize habari za Kisarawe kabla hawajatia kidole gumba kwenye wino."