Kodi ya Majivuno: Sifa za Impreza Kuukuu

Kila mwezi wa Juni mawaziri wa fedha wa Kenya, Tanzania na Uganda husimama bungeni na mikoba yao, baada ya miezi ya kukuna vichwa wakitafuta kitu kimoja adimu: kodi ambayo mwananchi ataitoa bila kununa. Wamegusa mafuta, bia, sigara na miamala ya simu. Mwaka 2019 Tanzania ikafika hadi kwenye nywele za bandia. Kila walipogusa, kelele. Laiti wangepita nyuma ya gereji yoyote ya mjini, wangeikuta kodi hiyo inalipwa tangu zamani, kwa hiari, kwa pesa taslimu, na mlipaji anamshukuru anayemtoza. Mkusanyaji wake ni gari la spoti la mtumba, na hodari kuliko yote ni Subaru Impreza yenye turbo, ile WRX na nduguye STI. Gari hili hutukanwa kwamba linakunywa mafuta, linapiga kelele na linalala kwa fundi kuliko kwa mwenyewe. Yote ni kweli, nami nayahesabu yote kuwa ni sifa zake.

Mwaka 1776 Adam Smith aliandika kwamba kodi njema hulipwa kwa kadiri, hujulikana wazi, hudaiwa wakati unaomfaa mlipaji, na haigharimu sana kuikusanya. Tuanze na kadiri. Kodi ya serikali hupima kipato, na kipato hufichika. Mtu anaweza kuwa na maduka matatu na vitabu vya hesabu vinavyolia njaa. Impreza haina haja na kipato. Inapima majivuno, na majivuno hayafichiki, kwa sababu yakifichwa hayana raha. Tena si majivuno yasiyo na nasaba. Gari hili lilitoka mwaka 1992, likampa Colin McRae ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Hapa kwetu McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997 na Burns akarudia mwaka 2000, huku helikopta zikitangulia juu kuangalia kama kuna ng'ombe au lori njiani. Ile bluu yake na rimu za dhahabu vilibaki machoni mwa watoto waliosimama kando ya barabara wakila vumbi, na watoto hao sasa wana mishahara. Wanachosahau ni kwamba gari lile lilisubiriwa na kikosi cha mafundi kila kituo, spea mpya zimepangwa tayari. Anayenunua Impreza ya mwaka 2004 anajinunulia ushindi wa Burns bila mafundi wa Burns. Pengo lililopo kati ya hivyo viwili ndicho kiwango cha kodi.

Na jinsi kinavyokadiriwa! Injini yake ya lita 2 iliundwa kwa ajili ya bensini ya daraja la juu ya Japani, yenye okteni karibu 100, ambayo pampu zetu za kawaida haziifikii. Anayeendesha taratibu akienda kazini hudaiwa kidogo. Anayetaka kuonekana, akakanyaga hadi chini turbo ikiwa imejaa, mafuta humlipukia ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na siku moja kingo nyembamba zinazotenganisha ringi za pistoni hupasuka. Hakuna afisa wa kodi aliyewahi kukadiria kwa usahihi huo. Matairi nayo: kwa kuwa magurudumu yote manne yanavuta, yanatakiwa yawe yamelika sawasawa, la sivyo difu ya katikati huchoka haraka. Msumari mmoja uliotoboa tairi moja pembeni unaweza kumfanya mtu anunue matairi manne. Halafu kuna kile kifaa kidogo ambacho magari mengi ya aina hii huja nacho kutoka Japani, taima ya turbo, kinachoiacha injini ikinguruma baada ya ufunguo kuchomolewa ili turbo ipoe. Mwenyewe ameshaingia dukani, gari liko peke yake kwenye maegesho, na bado linalipa ushuru wa mafuta.

Lakini anayetaka kuiona kodi hii ikikatwa kwa karibu amtazame fundi akibadilisha plagi. Kwenye Vitz fundi hufungua boneti, hutoa koili, na plagi ziko pale juu zinamsubiri. Kwenye Impreza pistoni zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo plagi zimeelekea kwenye kuta za chumba cha injini. Fundi huanza kwa kutoa betri upande mmoja na boksi la chujio la hewa upande wa pili. Kisha huingiza mkono hadi kiwiko katika mwanya usiotosha ngumi, ameshika spana aliyoiunganisha kwa vipande vifupi kwa sababu kirefu hakipiti. Anazungusha robo, anachomoa, anarudisha, anazungusha robo tena. Shavu limegusa fenda na macho yanatazama pengine kabisa, maana pale kuona hakusaidii, ni kupapasa tu. Akimaliza ana vidole vilivyochubuka na bei inayolingana navyo. Mwenye gari amesimama pembeni na soda mkononi, akiwaeleza waliopo kwamba injini ya namna hii hushusha uzito chini na kulifanya gari lishike barabara. Anasema kweli, na analipa kwa kuisema.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya mlio. Ule mngurumo wa kukatika-katika unaomfanya mtu wa Thika Road ageuke kabla gari halijafika hautokani na nguvu. Unatokana na kasoro: mabomba yanayotoa moshi kwenye injini yana urefu usiolingana, kwa hiyo mapigo ya moshi hayafiki kwenye turbo kwa mpangilio mmoja. Wahandisi wa Subaru walilijua hilo, na katika STI za soko la Japani za miaka ya 2000 wakaweka mabomba ya urefu sawa, turbo ikapata pumzi nzuri, na mngurumo ukatoweka. Wateja wakafanya nini? Wapo walioyang'oa mabomba mazuri na kununua mabaya, wakalipa na ufundi juu yake, ili gari lilie kama zamani. Onyesheni kodi nyingine yoyote duniani ambayo mlipaji, baada ya kupunguziwa, amekwenda mwenyewe kuomba irudishwe.

Kuhusu gharama ya kukusanya, Hazina itaona haya. Hakuna fomu, hakuna mfumo uliokwama, hakuna foleni ya tarehe 30. Fedha hutoka mfukoni mwa mwenye majivuno na kufika siku hiyohiyo kwa muuza spea wa Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani, Kariakoo, kwa fundi wa injini, kwa fundi wa umeme aliyeitwa kuizima taa ya injini iliyowaka kwenye dashibodi, kwa mnyoosha bodi, na kwa kijana wa gereji anayetumwa klipu ya shilingi mia na kurudi na chenji pungufu. Hiyo chenji pungufu ndiyo ufisadi wote ulio katika mfumo huu. Sharti pekee la Smith ambalo gari hili hulikaidi ni la wakati: halidai wakati unaomfaa mlipaji, hudai usiku, mvua inanyesha, mama mkwe yuko kiti cha nyuma. Kasoro hiyo naikubali.

Watasema: kwa nini mtu asinunue Probox? Probox hubeba miraa kutoka Meru kwa mwendo ambao wenye WRX huusimulia tu, haina turbo ya kuungua, na spea zake zinapatikana hata kwa muuza nyanya. Ni kweli tupu, na ndiyo sababu Probox haifai. Inamtajirisha mwenyewe na kumwacha fundi na njaa. Jamii yenye Probox tupu ni jamii ambayo kila mtu anaweka akiba, jambo linalopendeza katika vitabu vya uchumi na linaloua Gerezani nzima. Wengine watasema kwamba kodi hii huwaangukia vijana wenye mkopo wa sacco kuliko matajiri. Hapa kuna uzito kidogo, kwa sababu majivuno ya mtu mmoja hulipiwa pia na wadhamini wake, nao hawakupewa hata lifti. Najibu kwamba wadhamini walitia saini kwa kuogopa kuonekana hawana uwezo, na hayo pia ni majivuno, ya daraja la chini, yenye kiwango chake.

Pingamizi zito ni la uhai, na hilo halina mzaha. Gari lenye nguvu za farasi zaidi ya 200, breki zilizoisha na dereva aliyelinunua jana ni hatari kwa mtu anayevuka barabara na mfuko wa unga, ambaye hakujivunia chochote. Kodi inayomwangukia asiyehusika ni dhuluma. Kwa hiyo nalifinya dai langu: sifa hizi zote ni za Impreza iliyo juu ya jeki. Na kwa haki yake, gari lenyewe huelekea huko bila kusukumwa. Lina desturi ya kuchemsha kabla ya safari ndefu, na giaboksi ya gia tano ya WRX za mwanzo haikupenda kuondoka kwa fujo, ikishafanyiwa hivyo mara kadhaa meno yake hukatika. Anayebaki barabarani na gari zima la aina hii ni yule mtulivu anayebadilisha oili kwa wakati, na huyo hana haraka.

Naye ndiye adui wa nadharia yangu, kwa kuwa anakwepa kodi. Yapo magari ya namna hii yaliyo mazima, na wapo watu wanaojua kuyachagua. Naziandika mbinu zao kwa masikitiko, kwa kuwa zinapunguza mapato. Mkwepaji husoma karatasi ya mnada ya Japani mwenyewe, haridhiki na picha. Anajua kwamba daraja R ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa, na kwamba kwenye mchoro wa bodi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pale palipowahi kunyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Impreza za enzi ya Burns na Solberg zinazouzwa Nairobi leo zimo nchini siku nyingi na zimepita mikono mingi. Karatasi ya mnada haisemi zilifanyiwa nini tangu ziliposhuka Mombasa. Tanzania huliruhusu kuukuu na kulitoza ushuru wa uchakavu, ambao ukilinganisha na kodi ninayoisifu ni kiingilio tu. Basi mkwepaji hufika kwa muuzaji asubuhi bila kupiga simu na kuweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mtu amekwisha kuliwasha ili lisiseme siri zake, naye huaga. Likiwa baridi, huwasha na kusikiliza: mlio wa ko-ko-ko chini ya injini ni beringi za konrodi, na moshi wa bluu ni oili inayopita kwenye ringi au turbo. Huliendesha mpaka lipate joto, kisha hutazama chupa ya akiba ya maji ya rejeta; mapovu yakipanda, gasketi ya silinda imekwenda. Akiona kilomita 95,000 hashangilii, huuliza mkanda wa taimingi, kwa sababu hubadilishwa kwenye 100,000 na ukikatika valvu hugonga pistoni. Juu ya yote hutafuta gari ambalo halijaguswa: egzosi ya kiwandani, chujio la kiwandani, kompyuta isiyochezewa. Gari la hivyo halina mlio wa maana, halivutii macho, na bei yake ni kubwa kuliko ya lile lililopambwa. Ndiyo maana wakwepaji ni wachache na mapato hayatetereki.

Hata kuuza ni sehemu ya mfumo. Mlipaji akichoka hatafuti msamaha, hutafuta mrithi. Sababu za kuuza ni zilezile: nasafiri, mke amejifungua, nataka kununua shamba. Hakuna tangazo lililowahi kusema kwamba maji yanapungua kila wiki na hakuna anayejua yanakokwenda. Litasema gari liko fiti, ingia uendeshe, bei ya maelewano, na kwamba limeongezewa nguvu na mtu anayejua kazi yake. Na mteja atampigia muuzaji saa tano usiku, hataki kujua habari za gasketi wala mkanda wa taimingi, anauliza jambo moja tu: ule mlio upo?